Nafasi ya Kapu

Mwaka wa kumi na moja huu Reino anajenga reli
na hajapigilia hata msumari mmoja.

Chini ya nyumba yetu, hapa Duluth,
theluji ya Februari imeziba vidirisha
na mchana unaingia mweupe, mzito, kama uji.
Ameketi, kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi,
miwani mbili, moja puani, nyingine utosini,
anakokota kipanya kama mtu afutaye doa.

Mali bila daftari, walisema, hupotea bila habari.
Hawakumwona huyu:
daftari tele, mali hakuna.

Programu humpa kila asichokuwa nacho,
mbao zisizopinda, ukuta ulionyooka,
fedha za swichi arobaini.
Anabofya, kilima kinaota.
Anabofya tena, kilima kinajutia kuzaliwa.
Jumanne aling'oa tanuri la kupasha nyumba joto,
akalisukuma pembeni kwa kidole kimoja,
reli ikapita pale, laini, bila kubishana na mtu.
Nikamwambia: Baba, lile la kweli
marehemu babako alilifunga kwa bolti,
na mimi hulala juu yake.
Akakohoa. Akalirudisha.

Miaka thelathini na moja alishinda gatini,
baridi ikigandisha madini ndani ya mabehewa,
wakiyapulizia mvuke mpaka yakubali kuanguka.
Mkono uliozoea nyundo ya kilo nne
sasa unaogopa kugusa kitufe kisicho chake.

Moja kwa themanini na saba, ananifundisha.
Maili nzima inakuwa futi sitini na moja.
Kutoka mgodini hadi ziwani ni maili sabini,
na chumba chetu kina futi ishirini na nane.
Basi lazima kuacha.
Anaacha misitu. Anaacha kanisa.
Anaacha baa ya Kivela;
kesho yake baa imerudi, na taa dirishani.

Lakini ile kona ya kaskazini!
Nusukipenyo inchi kumi na saba,
programu inataka ishirini na mbili.
Mstari unawaka mwekundu,
kichwa cha treni kinaanguka, kinaanguka,
treni ya hewa kwenye reli ya hewa,
na Reino anashtuka kila mara
kama ambaye kuna watu ndani.

Usiku mmoja nilishuka kuchukua nguo.
Alikuwa amelala, skrini iko macho.
Mimi si mjuzi; nilisogeza tu kipanya
nikione kile kidonda kwa karibu.
Ubavuni mwake palikuwa na kisanduku cha kijivu,
kimefungwa kufuli, kimeandikwa:
*Aune na kapu lake. Inchi 31. Pasiguswe.*

Nikaenda kuchukua tepu.
Nikalipima kapu, na viwiko vyangu juu yake.
Thelathini na moja.
Sijui alinipima lini.
Labda kwa macho, miaka hiyo yote
niliyopita nyuma ya kiti chake nikinung'unika
kwamba ananiziba njia.

Asubuhi nikasema, nikimimina kahawa:
Kapu naweza kulibeba kwa kichwa cha upande.
Toa inchi sita.
Akanitazama juu ya miwani ya puani.
“Na ukinenepa?”
Nikinenepa nitafulia jikoni. Toa.

Akatoa.
Kona ikajinyoosha kama paka aliyeamka,
wekundu ukatoka mstarini.
Pembeni, kwa herufi ndogo: makosa, sifuri.

Nilidhani atafurahi.
Alikaa mikono magotini muda mrefu,
kama mtu aliyenyang'anywa fimbo yake.
Kisha nikasikia droo zikifunguliwa,
moja, ya pili, kabati la rangi, ndoo ya misumari.

“Aune! Nyundo iko wapi?”

Nyundo, mume wangu,
mwaka wa tano huu
imeegemezwa mlango wa mashine ya kufulia
ili usifunguke.